Mwaka 525: namba iliyozaliwa ndani ya mwaka wenyewe

Kalenda za ukutani zinazogawiwa na wenye maduka ya Pwani kila mwisho wa mwaka huwa na tarehe mbili katika kila kisanduku. Ile kubwa ni ya Miladia, ya ofisini na shuleni. Ile ndogo, iliyobanwa pembeni kulia, ni ya Hijria, ya Ramadhani na Maulidi. Ukikaa na mzee wa Makunduchi atakuongezea ya tatu isiyochapwa na duka lolote, ya Nairuzi, inayohesabu siku kumi kumi kwa miongo, ambayo manahodha na wakulima waliitegemea kujua lini pepo zitageuka. Mtu aliyekulia kati ya hesabu tatu hahitaji mhadhara kuelewa kwamba namba ya mwaka ni mapatano ya watu. Lakini tukifungua kitabu cha historia tunalisahau hilo mara moja. Tunasoma "mwaka 525 BK" na kuwaza kwamba watu wa wakati ule nao waliamka siku moja wakajiambia: haya, 525 imeingia.

Hakuna aliyejiambia hivyo. Kwa kadiri tunavyoweza kuonyesha, mtu wa kwanza kuuita mwaka ule 525 ni mtawa mmoja mjini Roma, na alikuwa akishughulika na jambo jingine kabisa.

Waliobaki walikuwa na majina yao. Misri walihesabu tangu Diocletian ashike ufalme wa Roma mwaka 284, kwa hiyo kwao ulikuwa mwaka wa 241, nao ulibadilika mwisho wa Agosti. Syria walihesabu tangu Seleucus, jemadari wa Iskandar, ajitwalie Babeli: mwaka wa 836, ukigeuka 837 mwezi wa Oktoba. Yemen, ambako ufalme wa Himyar ulikuwa na hesabu yake, ulikuwa mwaka wa 635. Serikali ya Roma haikutumia namba kwa kawaida. Iliutaja mwaka kwa majina ya makonsuli wawili, yaani wakubwa waliopewa cheo hicho cha heshima kwa mwaka mmoja, na wa safari hii walikuwa Probus upande wa magharibi na Philoxenus upande wa mashariki. China kusini waliuita mwaka wa 6 wa enzi iliyopewa jina la Putong. China kaskazini nako ulikuwa mwaka wa 6, ila wa enzi ya Zhengguang, mpaka ulipofika katikati yake ukabadilishwa jina kwa sababu ya vurugu za ikulu. Huko nitarudi.

Kwa hiyo anayetaka kueleza nini kilitokea duniani mwaka 525 huanza na kazi ya karani wa duka la kubadilisha fedha: anapokea noti za kila nchi na kuzigeuza ziwe sarafu moja. Na kama dukani, kiwango kikikosewa kidogo tu, hesabu yote inakwenda kombo. Tutaona kosa la miaka mitano lilivyowasumbua wataalamu kwa zaidi ya karne moja.

Mtawa na mwezi

Mtawa mwenyewe aliitwa Dionysius, naye kwa unyenyekevu akajipachika jina la Exiguus, yaani mdogo, asiye kitu. Alitoka pembe ya Bahari Nyeusi inayopokea mto Danube, ambayo leo imegawanyika kati ya Romania na Bulgaria, akahamia Roma yapata mwaka 500. Alijua Kigiriki na Kilatini vizuri, kwa hiyo alitafsiri sheria za kanisa na alitegemewa kwa mambo ya hesabu.

Hesabu iliyowaumiza watu vichwa ilikuwa ya Pasaka. Kanisa lilikubaliana kwamba Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza baada ya usiku na mchana kulingana mwezi wa Machi. Maneno ni mepesi, utekelezaji ndio kazi, maana mwezi na jua haviendi pamoja. Miezi 12 ya kuandama inapungukiwa na mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Wataalamu wa Aleksandria walitumia ugunduzi wa zamani kwamba miaka 19 ya jua inakaribia sana kuwa sawa na miezi 235 ya kuandama, wakatengeneza majedwali ya kurudiwarudiwa. Roma ilikuwa na majedwali yake mengine. Miaka mingine miji hiyo miwili ilipata Jumapili tofauti, na Wakristo wakasherehekea Pasaka moja siku mbili. Msomaji aliyewahi kushuhudia mtaa mmoja wa Mombasa au Dar es Salaam ukila Idi siku mbili kwa sababu ya mwezi umeandama wapi, ataelewa joto la mjadala ule bila kuongezewa neno.

Jedwali la Aleksandria lililokuwa likitumika lilikaribia kwisha. Mstari wake wa mwisho ulikuwa mwaka wa 247 wa Diocletian, yaani 531 wetu. Dionysius alikaa mwaka 525 kulirefusha kwa miaka 95. Alipofika kwenye safu ya kwanza, ya namba za miaka, ndipo alipokataa kuandika 248. Diocletian, alisema, aliwaua Wakristo, na kumbukumbu yake haifai kuhifadhiwa katika jedwali la kutafutia siku ya ufufuko. Badala yake akaandika 532, akihesabu tangu Kristo atwae mwili. Na alipohitaji kueleza yeye mwenyewe yuko wapi katika hesabu hiyo, alisema mwaka wa ukonsuli wa Probus kijana ni wa 525.

Alizipataje 525, hakueleza, na hesabu yake ilipinda. Injili ya Mathayo inasema Yesu alizaliwa Herode akiwa hai, na Herode, kwa hesabu ya wanahistoria wengi, alikufa mwaka 4 KK. Maana yake ni kwamba kwa namba tunazotumia, Kristo alizaliwa miaka kadhaa kabla ya Kristo. Ethiopia haikufuata njia hiyo. Yenyewe ilishika hesabu ya mtawa wa Aleksandria aitwaye Annianus, ambayo iko nyuma ya yetu kwa miaka 7 au 8 kutegemea mwezi, na ndiyo maana Addis Ababa ilisherehekea kuingia mwaka 2000 mwezi wa Septemba 2007. (Kwa saa, lakini, Waethiopia wako nasi: jua likisha kupanda kidogo ni saa moja, si saa saba.)

Na hapa ndipo ninapotaka kuvuka bahari, kwa sababu tukio zito kuliko yote ya mwaka ule halikutokea Roma. Lilitokea mlangoni mwetu, Bab el-Mandeb, pale Bahari ya Shamu inapofunguka kusini, na aliyelifanya ni mfalme wa Kiafrika.

Majahazi 70 ya Kaleb

Aksum, kaskazini mwa Ethiopia ya leo, ilikuwa dola ya Kikristo tangu karne ya 4. Ilitengeneza sarafu za dhahabu, na bandari yake ya Adulis, katika pwani ya Eritrea, ilipokea meli za Misri na za Bara Hindi. Ng'ambo ya Bahari ya Shamu ilikuwa Himyar, ambayo wafalme wake walifuata imani ya Kiyahudi tangu mwishoni mwa karne ya 4. Nchi hizi mbili zilikuwa majirani wenye ugomvi wa kudumu kama jamaa wanaogombea kiwanja. Karibu na mwaka 520 Aksum ilifanikiwa kumweka mtu wake, Mkristo, kwenye kiti cha Himyar. Alipokufa, mwaka 522, kiti kikachukuliwa na Yusuf As'ar Yath'ar, ambaye mapokeo ya Kiarabu yanamwita Dhu Nuwas.

Yusuf alianza kwa kuwaua askari wa Kihabeshi waliokuwa katika mji mkuu wa Zafar na kulichoma kanisa lao. Kisha akashuka pwani ya Mukha, akijua Wahabeshi wakija watapitia huko. Haya hatuyasomi kwa maadui zake tu. Majemadari wake walichonga habari zao kwenye miamba ya Hima, kaskazini mwa Najran, nayo miamba ipo hadi leo nchini Saudi Arabia. Jiwe mojawapo, la Julai 523, linataja waliouawa 12,500, mateka 11,000, na ngamia, ng'ombe na kondoo 290,000. Linataja pia kwamba mfalme alikuwa akiimarisha mnyororo wa Mandab, yaani mlango wa bahari wenyewe. Ukilisoma jiwe hilo unakuta taarifa ya vita na mifugo. Dini haipewi nafasi kubwa humo.

Upande wa pili dini ndiyo kila kitu. Najran ulikuwa mji wa Wakristo wengi, ukakataa kumtii Yusuf, akauzingira, na katika miezi ya mwisho ya 523 wakazi wake wakauawa kwa mamia, akiwamo mkuu wao aliyeitwa Harith. Wafasiri wengi wa Sura ya Al-Buruj wamewaunganisha watu wa mahandaki, waliowasha moto wakakaa wakiwatazama waumini wakiungua, na tukio hili. Mtoto wa madrasa wa Lamu au Unguja anaweza kuwa amekutana na Najran hivyo, kabla hajawahi kuisikia Himyar.

Habari ilifikaje nje? Hapa historia inachekesha kwa ukatili wake. Yusuf mwenyewe aliitangaza. Alimpelekea barua al-Mundhir, mfalme wa Waarabu wa Hira aliyekuwa chini ya Uajemi, akijisifu na kumshawishi awatende Wakristo wake vivyo hivyo. Barua ilisomwa hadharani kambini kwa al-Mundhir mwanzoni mwa 524. Bahati mbaya kwa Yusuf, siku hizo kambini walikuwamo wajumbe wa Roma waliokuja kukomboa mateka, pamoja na askofu Simeon wa Beth Arsham, mtu mwenye kalamu isiyolala. Simeon aliandika aliyoyasikia, na barua yake ikasambaa Mashariki yote.

Mjini Konstantinopoli, Istanbul ya leo, ambako dola ya Roma ilikuwa na makao yake wakati ule, alikuwapo Kaisari Justin, mzee aliyezaliwa katika familia ya wakulima wa Balkan akapanda ngazi za jeshi. Justin aliwatesa Wakristo wa Syria waliopinga mtaguso wa Kalkedonia, mkutano wa maaskofu wa mwaka 451 kuhusu umungu na ubinadamu wa Kristo, na kuwafukuza maaskofu wao. Wakristo wa Aksum, pamoja na wengi wa Najran, walikuwa wa upande huohuo aliokuwa akiutesa. Hata hivyo alimwandikia Patriarki wa Aleksandria ili amhimize mfalme Kaleb wa Aksum aende vitani. Nyumbani waliitwa wazushi. Ng'ambo ya bahari wakawa ndugu. Nadhani hapo ndipo unapoona uzito wa biashara. Hariri na viungo kutoka Bara Hindi na China vilifika Roma kwa njia mbili, kupitia Uajemi au kupitia Bahari ya Shamu. Himyar ikiwa rafiki wa Uajemi, njia zote mbili zimo mikononi mwa adui mmoja.

Kaleb alikuwa na askari, ila hakuwa na vyombo vya kutosha. Simulizi ya Kigiriki ya mashahidi wa Najran imehifadhi orodha ambayo naipenda kuliko hotuba zote za vita ile, kwa sababu inanuka bandari. Majahazi ya wafanyabiashara yalikusanywa Adulis: 20 kutoka Klysma, karibu na Suez ya leo, 15 kutoka Ayla, yaani Aqaba, 7 kutoka kisiwa cha Iotabe, 2 kutoka Berenike, 7 kutoka visiwa vya Farasan, na 9 yaliyoitwa ya Hindi. Jumla 60. Kaleb akaunda mengine 10 ya kwake.

Procopius, mwandishi wa Kirumi wa karne ileile, anaeleza vyombo vya bahari ile vilivyokuwa: mbao hazikupigwa misumari wala kupakwa lami, zilifungwa kwa kamba. Anacheka hadithi iliyosema baharini kuna miamba ya sumaku inayonyofoa misumari, akijibu kwamba meli za Kirumi zenye chuma nyingi zinapita palepale bila kudhurika. Mtu wa Lamu hahitaji kuchorewa picha. Mtepe ulishonwa vivyo hivyo, kwa kamba ya nazi, na mafundi wake waliendelea kuushona mpaka zama za babu zetu.

Tuna shahidi mwingine aliyepita Adulis siku za maandalizi. Ni mfanyabiashara wa Aleksandria anayejulikana kwa jina la Cosmas, ambaye uzeeni aliandika kitabu cha kuthibitisha kwamba dunia si duara. Hoja hiyo tumsamehe, kwa sababu njiani anatoa mambo ambayo hatuyapati kwingine. Anasema Kaleb alimwagiza gavana wa Adulis, aliyeitwa Asbas, amnakilie maandishi ya kale yaliyokuwa kwenye kiti cha mawe nje ya mji, na gavana akampa Cosmas na mwenzake kazi hiyo. Anaeleza wafanyabiashara wa Aksum wanavyokwenda bara la mbali na ng'ombe, chumvi na vyuma, wanavyoweka vipande chini na kurudi nyuma, na wenyeji wanavyokuja kuweka dhahabu juu ya kipande wanachokitaka, bila neno kusemwa. Na anataja kwamba kupita nchi ya ubani kuna mahali wanabaharia wanapaita Zingion. Wanahistoria wengi wanaliona jina hilo kuwa ndugu wa Zanj, ambalo ndani yake imo Zanzibar. Yaani Kaleb alipokuwa akihesabu majahazi, pwani yetu ilikuwa ikijulikana Adulis kwa jina.

Jeshi lilivuka baada ya Pentekoste. Yusuf aliuawa. Mapokeo ya Kiarabu yanampa kifo kizuri zaidi: alipoona ameshindwa alimwelekeza farasi wake baharini, akampiga mjeledi, na wimbi likamfunika. Kaleb alisimamisha makanisa, akachonga maandishi ya Kige'ez, lugha ya Aksum, huko Yemen ambayo vipande vyake vimeokotwa Marib, kisha akamwachia ufalme mwenyeji Mkristo aliyeitwa Sumyafa Ashwa. Huyo naye alipinduliwa miaka michache baadaye na Abraha, ambaye Procopius anadai aliwahi kuwa mtumwa wa Mrumi mmoja mfanyabiashara wa Adulis. Abraha ndiye yule wa Sura ya Al-Fil, mwenye ndovu.

Kwa nini namba zinagombana

Sasa kosa la miaka mitano. Mwaka 1834 wanamaji wa Kiingereza waliokuwa wakipima pwani ya Yemen walipanda ngome ya Husn al-Ghurab, juu ya bandari ya kale ya Qana, wakanakili maandishi marefu. Yaliposomwa baadaye yalikuwa ya Sumyafa Ashwa na jamaa zake. Wanasema waliikarabati ngome waliporudi kutoka nchi ya Habasha, baada ya Wahabeshi kuleta jeshi na kumuua mfalme wa Himyar. Tarehe: mwaka 640.

Kwa muda mrefu wataalamu waliamini hesabu ya Himyar ilianza mwaka 115 KK. Toa 115 kwenye 640, unapata 525. Tarehe ikaonekana imefungwa kwa kufuli, na vitabu vikaiandika bila wasiwasi. Tatizo lilikuja pale kufuli lilipojaribiwa kwenye mlango mwingine. Miamba ya Hima ina mwaka 633. Ukitoa 115 vita vya Yusuf vinakuwa vya 518. Lakini Simeon anasema alianza safari ya kwenda kwa al-Mundhir tarehe 20 Januari mwaka 835 wa hesabu ya Seleucus, na huo bila shaka yoyote ni 524, na anaongelea mauaji ya juzijuzi. Haiwezekani mjumbe alete habari motomoto za miaka mitano iliyopita. Hesabu ikianzia 110 KK, 633 inakuwa 523, na kila kitu kinakaa mahali pake. Wataalamu wengi leo wanafuata 110.

Lakini shuka likivutwa kichwani, miguu inabaki nje. Kwa kipimo kipya, maandishi ya ngome ni ya 530 hivi, si 525. Yanathibitisha tu kwamba kufikia wakati huo Yusuf alikwisha kufa. Mwaka 525 wa uvamizi umebaki ukisimama juu ya ile simulizi ya Kigiriki, yenye orodha ya majahazi. Wapo wanaokubali ushahidi huo unatosha, nami niko upande wao, kwa sababu mtu haandiki jahazi 2 za Berenike kwa kubuni. Wengine wanaacha dirisha wazi kati ya 525 na 530. Kwa hiyo ukikuta mahali pameandikwa "525: Aksum yaiteka Himyar" kwa wino wa uhakika, ujue nyuma ya mstari huo kuna jiwe lililohama.

Kwingineko

Konstantinopoli, mpwa wa Justin, Justinian, alimwoa Theodora, binti wa mtunza dubu wa uwanja wa michezo, aliyekuwa mcheza maigizo. Sheria ilikataza wakubwa kuoa wanawake wa kazi hiyo, na Justin akaibadilisha sheria. Kwenye mpaka wa mashariki nafasi kubwa ilipotea. Shah Kavadh wa Uajemi alimwomba Justin amchukue mwanawe Khosrow kuwa mtoto wa kupanga, ili urithi wake ulindwe. Justin alitaka kukubali, lakini mwanasheria wake Proculus akamtahadharisha kwamba mtoto wa kupanga hurithi, na kitakachorithiwa hapa ni dola ya Roma. Wakatoa ahadi ya kumpanga Khosrow kwa desturi ya kishenzi, kwa kumvisha silaha. Waajemi wakaona wametukanwa, wakaenda zao. Weka habari hii kando ya barua ya Justin kwenda Aleksandria, na vita ya Yemen inaonekana kwa sura yake kamili.

Aprili ya mwaka huo mto wa Edessa, ambao leo ni Şanlıurfa nchini Uturuki, uliubomoa ukuta usiku na kuumeza mji. Oktoba moto ukaunguza sehemu kubwa ya Antiokia, na kabla haijajengwa upya likaja tetemeko la Mei 526. Carthage, Afrika ya Kaskazini, ilikuwa na afueni: maaskofu Wakatoliki, waliokuwa wamekatazwa na wafalme Wavandali, walikutana hadharani Februari 525 kwa ruhusa ya mfalme mpya, Hilderic.

Italia ilikuwa na hofu. Mfalme Theodoric, Mgothi aliyetawala kwa busara zaidi ya miaka 30, alikuwa Mwario, yaani Mkristo wa kundi lisilokubali kwamba Kristo ni sawa na Mungu Baba; uzeeni alianza kuwashuku Warumi wakubwa kwamba wanapeleka maneno Konstantinopoli. Boethius, mwanafalsafa na waziri wake, alifungwa akaandika kitabu gerezani, kisha akauawa. Mkwewe Symmachus akafuata. Na Papa Yohane wa Kwanza, mgonjwa, akalazimishwa na mfalme huyo kupanda meli kwenda kumwomba Kaisari asiwabane Waario.

China kaskazini ndiko kwenye tamthilia. Dola ya Wei ilikuwa imeasiwa na askari wake wa mpakani, na ikabidi iombe msaada wa Rouran, watu walewale ambao askari hao waliwekwa kuwazuia. Malkia mama Hu, aliyefungiwa ndani ya ikulu miaka 5, alitoka akachukua tena madaraka, na enzi ikabadilishwa jina kuwa Xiaochang. Ndiyo sababu mwaka mmoja huko una majina mawili. Kusini, mwana wa mfalme wa Liang aitwaye Xiao Zong alikuwa na dukuduku la damu: mama yake alikuwa suria wa mfalme aliyepinduliwa, naye alizaliwa miezi 7 tu baada ya mama kuingia ikulu mpya. Alilifukua kaburi la yule mfalme wa zamani, akadondoshea mifupa damu yake, kwa imani ya wakati ule kwamba damu ya mtoto hupenya mfupa wa baba. Ilipopenya, akamuua mwanawe mchanga ili arudie jaribio. Mwaka 525 alikabidhiwa jeshi na mji wa Pengcheng. Usiku mmoja alitoroka akaenda kwa adui, na jeshi lililoamka bila jemadari likasambaratika.

Mashariki zaidi, katika Korea, mwezi wa nane wa mwaka huo mfalme Muryeong wa Baekje aliwekwa kaburini zaidi ya miaka 2 baada ya kufa. Mafundi wa mfereji walilifumua kaburi lake mwaka 1971, halijaguswa na mwizi. Ndani lilikuwamo jiwe linaloeleza kwamba mfalme ameinunua ardhi hiyo kwa miungu wa ardhi kwa sarafu 10,000, na juu yake sarafu za chuma zimeachwa kama malipo. Tarehe iliyochongwa ni ya mzunguko wa miaka 60, mwaka wa nyoka. Mzunguko huo umerudi mara 25 kamili tangu hapo. Mwaka 2025 ulikuwa nyoka yuleyule.

Papa Yohane alisherehekea Pasaka ya 526 Konstantinopoli, tarehe 19 Aprili. Nyuma yake, Roma, ofisi yake ilikuwa na mashaka juu ya tarehe hiyo, na aliyeombwa ushauri ni Dionysius, ambaye hesabu yake ilithibitisha 19 Aprili. Papa aliporudi Theodoric alimtia kizuizini Ravenna, akafia humo mwezi wa Mei. Jedwali liliendelea kuishi. Halikuvuma haraka, ilipita karne mbili hivi kabla mtawa Bede wa Uingereza hajaandika historia nzima kwa namba zake, mwaka 731, na kutoka hapo zikaenea. Mstari wa mwisho wa jedwali lenyewe ni wa 626. Kufikia mwaka huo baadhi ya watu wa Makka walikwisha kukimbilia Habasha na kupokewa na Najashi, mrithi wa Kaleb. Wengine walikwisha kuhamia Madina, mwaka 622, na safari hiyo ndiyo ambayo Khalifa Umar aliifanya kuwa mwanzo wa hesabu nyingine, ile ndogo iliyobanwa pembeni kulia.